Adabu ya Juu na Adabu ya Chini

Katika nyumba nyingi adabu ni jambo la kuamkia wakubwa, kutafuna ukiwa umefunga mdomo, na kutokalia kiti cha mgeni. Katika nyumba ya akina Futi adabu ilikuwa kitu cha kupimwa. Ilikuwa na urefu. Marehemu baba yao, aliyeendesha boti ya kubeba matofali mtoni mpaka magoti yalipomgomea, alilitumia neno hilo kwa ile nafasi ambayo boti huiacha kati yake na kitu inachoweza kukigonga. Paa na daraja viachiane adabu. Tumbo la boti na mawe ya mtoni viachiane adabu. Boti iliyopita ikikwaruza ilikuwa imekosa adabu, na nahodha wake vilevile, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsemesha Baba mpaka amalize kikombe cha pili cha chai.

Watoto walikua wakiamini kwamba dunia nzima inasema hivyo. Futi aliamini mpaka mwaka wake wa kwanza wa shule ya bweni, pale mwalimu wa zamu alipomsimamisha mbele ya paredi na kumwuliza kama anayo adabu kweli, naye akajibu kwa moyo mweupe, "Inategemea, mwalimu. Ya juu au ya chini?" Alifyekeshwa majani nyuma ya jiko muda mrefu hata majani yenyewe yakaanza kumhurumia.

Sasa alikuwa mtu mzima, mpimaji wa barabara na mifereji, mwenye miwani, kofia ngumu ya kazini na vijana wa kumshikia kamba. Nyumbani aliitwa Futi vilevile, kwa sababu mbili ambazo kaka yake hakuchoka kuwaeleza wageni: tangu utotoni alipenda kupima kila kitu, na tangu utotoni hakuwa ameongezeka sana.

Safari hii alikuwa amerudi kwa ajili ya boti. Ukingo wa mto ulikuwa unajengwa ukuta wa zege, na kila chombo kilichofungwa upande ule kilitakiwa kiondoke kabla wajenzi hawajaanza kumwaga. Mama naye alikuwa anahamia kwa Dada Mkubwa, mwendo mfupi chini ya mto, kwenye nyumba yenye uwanja mpana na gati dogo la mbao. Alikubali kuhama kwa sharti moja. Boti iende naye, na iende na kibanda chake cha usukani juu yake.

"Kibanda kikikatwa," alisema, "mimi mnihesabu kwenye kipande kinachobaki."

Watoto wake walimjua. Mama hakuwa mtu wa vitisho. Angekaa kwenye kiti chake sebuleni, anywe chai, na wajenzi wangelazimika kumzungushia ukuta.

Boti iliitwa Taratibu, na jina lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa rangi ya mafuta na mtu ambaye alianza kwa herufi kubwa sana akaishiwa na nafasi mwishoni. Kwa mpita njia, kibanda chake kilikuwa kabati lenye madirisha. Baba alikijenga kwa mbao za vitanda vya zamani vya hospitali, kwa hiyo nyuma ya usukani palikuwa bado na namba ya kitanda cha mgonjwa fulani. Magoti yalipogoma na injini ikauzwa, Baba hakuacha kwenda kazini. Kila mchana alivuka ubao kwa fimbo yake, akaingia kibandani, akawasha redio na kutazama mbele, ingawa mbele palikuwa hapohapo. Mama alimpelekea chai akakaa naye kwenye benchi dogo, na ukiwakuta ungedhani wamebakiza kona moja tu wafike.

Kwa Futi kibanda kile kilinuka likizo. Kila muhula ulipofungwa aliteremka kwenye basi na sanduku lake la bati, akamkuta Baba kwenye gati la mjini akimsubiri pamoja na matofali. Alikalia sanduku kibandani akamwaga yote: nani alipaka dawa ya meno kwenye mswaki wa kiranja, ikawa siyo dawa ya meno, nani aliificha kengele ya asubuhi, shule nzima ikalala mpaka jua likawaaibisha walimu. Hakuwahi kumtaja mhusika, na Baba hakuwahi kumwuliza. Alicheka kwa mabega tu, mikono kwenye usukani. Wakikaribia daraja alimnyamazisha. "Ngoja. Tuamkie." Wote wawili waliinamisha vichwa, ingawa daraja lilikuwa juu kabisa ya paa, wakasema shikamoo kwa pamoja. Chini ya daraja sauti zao zilizunguka zikawarudia, na Baba alilihesabu hilo kuwa marahaba.

Siku hizo daraja lilikuwa na nafasi ya kutosha. Baadaye watu wa maji walipitisha bomba nene la chuma, wakalining'iniza chini ya daraja lile kama mwanafunzi aliyejificha uvunguni mwa kitanda akasahau miguu nje. Taratibu ilikuwa imefungwa upande wa juu wa mto, kwa Dada Mkubwa ni upande wa chini, na katikati kuna daraja na bomba lake. Hilo ndilo lililokuwa tatizo zima.

Futi alipofika alimkuta Fundi Msumeno ameshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na boti, ananoa msumeno wake kwa tupa. Fundi alikuwa rafiki wa Baba wa miaka yote. Kaka yake Futi, aliyeitwa Kaka Lori kwa sababu aliendesha lori na pia kwa sababu alikoroma kama lori, ndiye aliyemwita, iwapo kibanda kingehitaji kukatwa.

"Shemeji," Mama alimwambia Fundi, "hicho kitu kifunike. Kinanitazama."

"Msumeno hauna macho, shemeji. Una meno tu."

"Basi ndiyo hayo nataka uyafunike."

Fundi alivua koti akaufunika msumeno kama mtoto aliyelala.

"Umechelewa," Kaka Lori alimpokea Futi. "Nimeshapima. Kutoka kwenye maji mpaka bomba ni mita tatu kamili. Kutoka kwenye maji mpaka paa la kibanda, mita mbili na sentimita sabini na sita. Tunabakiwa na ishirini na nne. Rudi kazini kwako ukapime mitaro."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mitaro inakusubiri."

Mama hakujua habari za sentimita. "Baba yenu juu alitaka shibiri," alisema. "Iko shibiri?"

"Shibiri ya nani?" Futi aliuliza, kwa kuwa shibiri ni mkono wa mtu uliotandazwa, na mikono haifanani.

"Yake, ya nani tena?" Mama alitandaza mkono wake juu ya meza, kidole gumba huku na kidole cha mwisho kule. Kisha akaongeza pingili moja ya kidole gumba cha mkono wa pili. "Yangu na pingili moja. Nimeushika mkono ule miaka mingi, naujua unapoishia."

Futi alitoa futi kamba yake mfukoni akapima kutoka ukucha mpaka ukucha. Sentimita ishirini na mbili.

"Basi ipo," Kaka Lori alisema. "Na mbili zinabaki za kukunia kichwa."

Jioni ile Mama alianza kufunga vikombe kwa magazeti.

Asubuhi Futi alikwenda mtoni peke yake. Hakuwa na wasiwasi. Alitaka tu kupima, kama mlevi anavyotaka kuonja. Maji yalikuwa palepale, hayakuwa yamepanda wala kushuka; alijua kwa alama aliyoiweka jana yake kwenye nguzo. Bomba lilikuwa palepale. Alisimama kwenye mtumbwi mdogo ubavuni mwa boti, akainua kamba yake mpaka kwenye paa, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mita mbili na sentimita themanini na nne.

Boti ilikuwa imekua usiku.

Alipeleka habari nyumbani, na nyumba ikachafuka. Kaka Lori alisema kamba ya Futi imelegea. Futi alisema macho ya Kaka Lori ndiyo yaliyolegea. Kaka Lori alikumbusha kwamba yeye hupitisha lori chini ya madaraja kila wiki na hajawahi kung'oa hata taa. Futi alikumbusha kuhusu ule mti wa jirani. Mama aliwaangalia wote wawili kwa namna ambayo iliwarudisha kwenye kaptula na gauni la shule, wakanyamaza.

"Kaka," Futi alisema kwa upole wa kutisha, "ulipopima, nani alikushikia kamba?"

"Mtoto wa Dada Mkubwa. Alipanda juu ya paa."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani ya boti, nimeinama ubavuni, nasoma kule chini."

"Na Mama?"

"Kibandani. Alikuwa anahakikisha."

"Na nani mwingine?"

Kaka Lori alianza kukunja vidole. Kulikuwa na watoto wote wa Dada Mkubwa. Kulikuwa na jirani wa kushoto, aliyekuja kushauri, na jirani wa kulia, aliyekuja kumpinga jirani wa kushoto. Kulikuwa na vijana wa zege waliokuwa kwenye mapumziko, na mama mmoja aliyepita na ndoo ya nguo akaona watu wamejaa akadhani kuna jambo. Vidole vyake vikaisha, akaendelea na vya Futi.

"Watu ishirini na wawili," alimalizia, sauti imeshuka.

Katika familia ile haikuwezekana mtu mmoja kupima kitu kimoja. Tangu zamani, Baba akifungua injini, nusu ya mtaa ilikuja kumshikia bisibisi. Sasa mtaa huohuo ulikuwa umeikalia Taratibu ikazama vidole kadhaa, na Kaka Lori akapima boti iliyojaa watu akadhani amepima boti tupu. Boti tupu, isiyo na injini wala matofali, ilielea juu kama bata, na kati ya paa lake na bomba zilibaki sentimita kumi na sita. Shibiri ilikuwa imekatika.

Kaka Lori alipata fahamu kwanza. "Si tatizo. Waje walewale ishirini na wawili, wakae palepale, tupite."

Lilikuwa wazo zuri kiasi kwamba Futi aliona uchungu kwa kutolitoa yeye.

"Na ya chini?" Mama aliuliza.

Chini ya daraja, kati ya nguzo na nguzo, waliojenga walikuwa wametandaza mawe ili maji yasichimbe msingi. Futi alikuwa ameshayapima kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Alichukua mkaa jikoni akachora sakafuni: bomba juu, mawe chini, boti katikati.

"Kati ya bomba na mawe nafasi haibadiliki," alisema. "Boti nayo, kutoka mkuku mpaka paa, haibadiliki." Mkuku ni ule uti mnene wa mbao unaopita chini ya tumbo la boti. "Ukitoa hii kwenye ile, zinabaki sentimita arobaini na nane. Hizo ndizo adabu zetu zote, za juu na za chini. Tukipakia watu, ya juu inaongezeka na ya chini inapungua. Tukiwateremsha, kinyume chake. Ni kama blanketi la bwenini. Ukifunika kichwa, miguu inalala nje."

"Chini baba yenu alitaka dhiraa," Mama alisema. Alikunja mkono akaonyesha: kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na pingili yake moja juu.

Futi alipima, ingawa alishajua. Arobaini na sita. Ukijumlisha na shibiri ya juu ilikuwa sitini na nane, na mto ulikuwa unawapa arobaini na nane. Watu wapakiwe, wateremshwe, mto ujae, ukauke, hesabu haikutoka.

"Mama," Kaka Lori alisema polepole, "tukiacha shibiri juu, chini kunabaki zaidi ya shibiri pia. Siyo dhiraa, lakini ni maji. Boti itapita. Nani atajua? Bomba halina mdomo."

"Mimi nitajua." Mama aliweka chini kikombe alichokuwa anakifunga. "Ameipitisha boti ile pale maisha yake yote hakukwaruza. Leo hayupo, ndiyo nimpitishie kitu chake bila adabu?" Aliinuka. "Mwambieni Fundi afunue msumeno."

Kwa hiyo ndiye yeye, aliyekuwa tayari kujengewa ukuta kwa ajili ya kibanda, aliyetoa amri ya kukikata. Alirudi sebuleni akaanza kufungua vikombe kwenye magazeti, kimoja kimoja, na kuvirudisha kabatini. Kaka Lori alimtazama akaenda nje kukagua matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Fundi aliingia botini na penseli sikioni. Futi alikuwa amekaa kwenye benchi dogo kibandani. Fundi aliomba radhi, akapiga mstari kwenye nguzo ya mbao, taratibu, kama anayempaka mtu dawa. Mstari ulipita juu kidogo ya usukani. Juu yake kulikuwa na msumari wa redio. Juu zaidi kulikuwa na dirisha ambalo Futi, akiwa na magoti juu ya sanduku la bati, alikuwa akilipumulia mpaka linapata ukungu, kisha anaandika humo maneno ambayo Baba alijifanya hayasomi.

"Baba mdogo," alimwambia Fundi, "jiwe ni gumu?"

"Swali gani hilo?"

"Na daraja ni gumu?"

"Ukitaka kujua, ligonge kichwa."

"Basi kwa nini Baba aliliachia daraja shibiri, jiwe akaliachia dhiraa? Kama ni kuogopa kugonga, vyote vinagonga sawa."

Fundi aliishusha penseli. "Kamwulize mama yako." Futi alirudi nyumbani nusu kutembea nusu kukimbia, akamkuta Mama na kikombe mkononi, akamwuliza swali lilelile.

"Kwa sababu ya mkia," Mama alisema, kama anayeulizwa kwa nini mlango una bawaba.

"Mkia gani?"

"Wa boti. Ile rafadha, pangaboi lake. Injini ilikuwa ya kuungaunga, ya trekta, haikukaa sawa, kwa hiyo mkia ulining'inia chini ya mkuku. Baba yenu alipima kwenye mkuku kwa sababu ndipo palipofikika, halafu akaongeza nafasi ya mkia. Alikuwa anasema jiwe halimli mtu, linaula mkia."

"Na sasa mkia uko wapi?"

"Si uliuzwa na injini."

Mama alisikia alichokisema. Kikombe kikabaki hewani.

Waliufuata ukweli ule mpaka kwenye kisigino cha boti, kule nyuma, Mama mbele, magoti yake yakiwa yamesahau umri. Fundi ndiye aliyeziba lile tundu la mkia injini ilipong'olewa, na alijua matundu ya boliti zilizoushikilia yalikuwa wapi, kwa sababu yalimtesa. Futi alijilaza kifudifudi, akaingiza mkono majini mpaka begani, akapapasa. Tundu la mwisho, alama ya chuma iliyobaki kwenye mkuku, kisha ukubwa wa rafadha, ambao Fundi aliuonyesha kwa mikono miwili na Mama akausahihisha. Jumla, mkia ulikuwa umeshuka chini ya mkuku sentimita ishirini na nne.

Futi aliketi sakafuni, mkono mmoja unachuruzika. Arobaini na sita, toa ishirini na nne.

"Ishirini na mbili," alisema. "Shibiri. Mama, Baba hakuwa na adabu mbili. Alikuwa na moja. Juu shibiri, chini shibiri. Ile nyingine ilikuwa ya mkia."

"Shibiri na shibiri," Kaka Lori alihesabu, kwa kuwa naye alikuwa ameshaacha matairi, "ni arobaini na nne. Tunazo arobaini na nane."

"Kwa hiyo mbili juu na mbili chini za kukunia kichwa," Futi alisema.

Mama aliingia kibandani. Alilowesha kidole kwa mate, akainama, akaufuta mstari wa penseli wa Fundi kwenye nguzo mpaka ukaisha.

Fundi alishauri wapakie viroba vya mchanga badala ya watu. Futi alikataa. Boti ikigusa jiwe, mchanga unakaa umetulia tu. Yeye alitaka mzigo ambao ukipigiwa kelele unaruka majini. Kwa hiyo Kaka Lori alizunguka mtaani akiwakusanya walewale wa siku ile, na hakupata shida, kwa maana watu wanaopenda kushauri hupatikana kwa urahisi. Aliyekosekana ni jirani wa kulia, aliyekuwa amesafiri, na alikuwa mtu wa kilo za kutosha.

"Shemeji," Mama alimwita Fundi, "njoo wewe, na sanduku lako la vifaa. Leo kazi yako ni kukaa."

Futi aliwapanga kama kiranja anayekagua vitanda, wanene katikati, watoto mbele, kila mtu na mahali pake mpaka boti ikakaa sawa na alama alizochora ubavuni zikalowa palipotakiwa. Juu ya paa, kwenye kona ya mbele, alipigilia kijiti kilichosimama wima, chenye urefu wa shibiri moja ya Baba. Kijiti kikigusa bomba, adabu imevunjwa, na boti inavutwa nyuma.

"Fimbo ya adabu," Kaka Lori alisema akiwa nchi kavu, kamba ya nyuma ya boti ameizungusha kwenye gogo la kufungia. "Nilijua shule ile haitakutoka."

"Ilegeze kidogo kidogo. Baba alisema nini?"

"Penye maji machache boti ikikimbia, inachuchumaa." Alilegeza kamba.

Mto uliichukua Taratibu bila pupa. Upande wa pili wa daraja, boti ndogo ya wachota mchanga ilikuwa inasubiri kuwavuta. Futi alilala chali sehemu ya mbele, macho kwenye kijiti. Kivuli cha daraja kilimfunika miguu, kisha tumbo, kisha uso. Kukawa baridi. Maji yalinong'ona kwenye nguzo. Katikati, Fundi alikuwa ameweka sikio sakafuni, anasikiliza mawe.

Kijiti kilifika kwenye bomba. Kati ya ncha yake na chuma kulikuwa na zile sentimita mbili, na mwanga mwembamba ulipita hapo.

Ndipo bomba lilipomdondoshea jirani wa kushoto tone la maji shingoni. Aliguna, akainama upande kutazama lilikotoka. Mama wa ndoo akatazama anakotazama yeye. Vijana wa zege wakawatazama wote wawili. Taratibu ikaanza kulala upande, na kona ya paa yenye kijiti ikaanza kuinuka. Sentimita mbili zikawa moja. Ikawa nusu.

Futi alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwalimu wa zamu, na kikohozi chake kabla ya neno. "Kila mtu. Atazame. Magoti. Yake."

Watu ishirini na wawili walitazama magoti yao. Mtoto mmoja alitazama ya jirani, akapigwa kikumbo, akatazama yake. Boti ilinyooka. Mwanga ukarudi juu ya kijiti, kwanza kama uzi, kisha kama utepe, na bomba likapita juu ya kibanda polepole, likaonyesha kutu yake yote, na kuachana na paa la nyuma.

"Fundi?" Futi aliuliza bila kuinuka.

"Kimya," Fundi alijibu kutoka sakafuni. "Nasikia maji tu."

Jua liliwaangukia wote kwa pamoja. Nyuma yao, kwenye ukingo, Kaka Lori aliiachia kamba, akakaa chini juu ya gogo, akafuta macho kwa kofia na kumwambia mtu ambaye hakuwa amemwuliza kwamba ni vumbi. Boti ya wachota mchanga ilisogea ikafunga kamba yake. Futi aliinuka, akajipukuta, akatangaza kwamba ngazi za ukingoni ziko pale kushoto, maji ya hapa ni marefu, boti haihitaji tena uzito, na kila mtu ana ruhusa ya kwenda nyumbani kwake pamoja na shukrani za familia. Hakuna aliyeinuka. Mama wa ndoo aliuliza kama kwa Dada Mkubwa kuna kivuli.

Futi alipita kati ya magoti ya watu mpaka kibandani. Mama alikuwa amesimama nyuma ya usukani, mikono miwili juu yake, akiuzungusha kidogo huku, kidogo kule, kufuata kona ya mto. Usukani ule haukuwa umeunganishwa na kitu chochote tangu injini ilipouzwa. Futi alisimama kwenye mlango wa mbele, akitafuta neno la kumwambia, la adabu, lenye urefu unaofaa.

"Mbele kuna daraja jingine?" Mama aliuliza.

"Hakuna, Mama. Ni mto tu mpaka kwa Dada."

"Basi ondoka mlangoni, mwanangu. Unanizibia njia."